Fundi Lala na Vyumba Kumi na Viwili

Mtu ninayetaka kumwelezea hapa alinitia hasara. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namsifu kwa sababu nimenufaika naye. Sikunufaika. Kama mwaka ule ningempata fundi mwingine tangu mwanzo, leo ningekuwa na paa jipya na tangi kubwa la maji. Lakini nina miaka sitini na mitatu, na thelathini kati yake nilikaa kwenye dirisha la mapokezi hospitalini nikiandikisha watu wa kila aina, na walionifanya nijione mdogo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huyu ni mmoja wao, tena ndiye mfupi kuliko wote.

Jina lake halisi wanalijua wachache. Mtaa mzima, kuanzia geti la chuo cha uuguzi mpaka barabara ya lami, unamwita Fundi Lala. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni mvivu, kumbe ni fundi seremala ambaye hakati ubao wa kugawa chumba mpaka kwanza alale ndani yake. Anavua viatu, anatandika gunia sakafuni, analala chali na kufumba macho. Anageuka kushoto, anageuka kulia, ananyoosha mikono. Kisha anaamka taratibu, anajifanya anachukua kitabu mezani, anavaa shati ambalo halipo, anafungua mlango ambao bado haujawekwa. Akimaliza anatoa hukumu kwa neno moja: panalalika, au hapalaliki. Wenye nyumba wengi humcheka akishaondoka, na mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji.

Kisa cha tabia hiyo anakisimulia mwenyewe bila aibu. Alipokuwa kijana na ndiyo kwanza ametoka kujifunza kazi, alipewa zabuni ya vitanda arobaini vya bweni la shule. Tepu yake ya kupimia ilikuwa imekatika kwenye ncha, akaona hakuna haja ya kununua nyingine, basi akalala sakafuni, rafiki yake akapiga alama kichwani na miguuni, na vitanda vyote arobaini vikakatwa kwa kipimo hicho. Alisahau jambo moja tu, kwamba yeye ni mfupi. Wiki mbili baadaye mkuu wa shule alimwita, akampitisha bwenini wanafunzi wakiwa wamelala, akamwonyesha miguu ilivyochomoza nje ya vitanda safu nzima, pande zote mbili. Hakubisha. Alivibeba vitanda vyote, akavirefusha kimoja kimoja kwa mwezi mzima bila malipo. Tangu hapo ana tepu mbili mfukoni na bado analala, ila akishalala huongeza shibiri mbili za mtu mrefu.

Sasa nijieleze na mimi. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya chini yenye vyumba sita vya kupangisha, mbali na chumba changu, jiko na sebule. Kutoka kwangu mpaka geti la chuo ni dakika tano kwa miguu. Chuo kina mabweni, lakini mabweni hayo hayachukui hata theluthi ya wanafunzi, na waliobaki wanamwagwa mtaani kwetu. Sisi wenye nyumba tunawapokea kwa mikono miwili, na viganja vyote viwili viko juu vikisubiri kodi. Kila mwaka kabla ya chuo kufunguliwa huwaona wazazi wakipita mlango kwa mlango, baba ameshika bahasha, mama ameshika mkono wa mtoto ambaye ameshakuwa mkubwa wa kutoshikwa mkono. Wanauliza bei, wanatazamana, wanasema watarudi. Wengi hawarudi.

Mwaka ule bei ilikuwa imepanda tena. Chumba chenye kitanda, meza na taa kilikuwa kinameza nusu ya mshahara wa mwalimu, na mwenye nyumba anataka muhula mzima kwa mkupuo. Jirani yangu wa ghorofa alikuwa amegawa kila chumba mara mbili, vingine mara tatu, mpaka wanafunzi wake wanaishi ndani ya vitu ambavyo mimi ningeviita makabati. Vyote vilijaa siku ya kwanza. Akanunua gari. Nikamwonea wivu, sifichi, na siku hiyo hiyo nikaagiza mbao za plaiwudi kabla hata sijaongea na fundi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: vyumba sita viwe kumi na viwili.

Fundi Lala alikuja wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa. Nilimkaribisha sebuleni, akakaa kwenye ncha ya kochi kama anaogopa kulichafua, akanywa chai, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha tukazunguka. Vyumba viwili vya pembeni ni vikubwa na vina madirisha mawili kila kimoja. Alilala mle, akaongeza shibiri zake, akasema panalalika, vinagawanyika bila shida. Vile vinne vya katikati ni vya futi nane kwa kumi, mlango uko kulia, dirisha liko kushoto. Ukikigawa chumba hicho kwa urefu, upande mmoja unabaki na dirisha na mwingine unabaki na giza. Alilala kwenye upande wa giza wa kila kimoja, vyote vinne, kana kwamba huenda kimojawapo kikabadilisha mawazo. Mwishowe akakung'uta gunia.

"Vinane, mama," aliniambia. "Hivi vinne viache kama vilivyo. Hapalaliki."

"Hapalaliki vipi, na wewe mwenyewe umetoka kulala hapo sasa hivi?"

"Mimi ni mfupi. Na nimelala dakika tatu. Huyo mtoto atalala miaka mitatu."

Nilimwambia sikumwita kunipangia maisha, nilimwita kupiga misumari. Akasema ni kweli kabisa, na kwamba misumari ya vyumba viwili vya pembeni angeanza kuipiga kesho yake, na kuhusu vingine naweza kutafuta fundi mwenye roho ngumu kuliko yake. Alilisema kwa upole mno mpaka nikachelewa kukasirika. Nilikasirika alipokuwa ameshafika getini.

Basi akafanya kazi kwangu siku kumi. Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri, maana mstaafu hana kazi nyingine zaidi ya kuangalia wenzake wakifanya kazi. Alikuwa akipiga randa ubao ambao utafunikwa na rangi na hakuna atakayeuona. Nikamuuliza faida yake nini, akasema mwanafunzi akilala anaegemeza mkono ukutani, na kibanzi cha mbao hakijui kwamba kuna mtihani kesho. Alijaza pamba ngumu katikati ya mbao mbili ili huyu asisikie simu ya yule. Pamba hiyo haikuwa kwenye mapatano yetu. Nilipomwambia silipi pamba, alinijibu kwamba hajaitia kwenye bei. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Simu yake ililia mara nyingi sana siku hizo, na kila ikilia alitoka nje kuipokea. Siku ya nane nilimuuliza waziwazi kama ana mgonjwa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amechaguliwa kusoma uuguzi kwenye chuo hiki hiki chetu. Kwenye kura ya mabweni jina lake halikutoka. Na chuo hiki kina masharti: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia zamu wodini saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo lazima aishi mahali anapoweza kufika kwa miguu. Anapewa fomu ya makazi, ijazwe na kutiwa sahihi na mwenye nyumba, na kurudishwa siku ya mwisho ya kujisajili. Asipoirudisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyokuwa inakuja.

Kwao ni ng'ambo ya pili ya jiji, mabasi mawili na mwendo juu yake. Binti alikuwa amezunguka na dalali wiki nzima. Kila mlango aliogonga, ama chumba kimeshachukuliwa, ama bei yake ni kubwa kuliko alichopata baba yake kwa miezi minne. Na hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu mimi nilitulia. Fundi huyu amegawa vyumba katika nyumba kumi na moja za mtaa huu. Ukilala popote kati ya geti la chuo na lami, kuna uwezekano mkubwa ukuta ulio karibu na kichwa chako ameusimamisha yeye. Na alikuwa hana pa kumweka mtoto wake.

Ningekuwa mtu mwema, ningempa chumba palepale. Sikuwa mtu mwema, nilikuwa mwenye nyumba. Nilikaa na habari ile siku mbili, nikaona mwanya. Alhamisi, alipokuwa anapiga msasa wa mwisho, nikamwendea na kumwambia hivi: agawe na vile vinne vya katikati, na mimi nitampa binti yake nusu moja bure kwa muhula mzima, ile yenye dirisha, na fomu nitaitia sahihi kesho yake. Mkono wenye msasa ulisimama. Hakunitazama. Aliniuliza kama anaweza kunijibu kesho, nikamwambia aje na binti mwenyewe, akione chumba kwa macho yake. Niliingia ndani nikijipongeza kwa akili yangu.

Ijumaa asubuhi walikuja. Binti alimzidi baba yake kichwa kizima, nikaelewa zile shibiri mbili zinakwenda wapi. Aliniamkia kwa heshima, sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimesimamisha mbao mbili wima katikati ya chumba cha tatu ili aone ukuta utakapopita, nikaacha uwazi wa kupenya mwishoni. Unaingia kwa mlango upande wa giza, unapenya, unatokea upande wa dirisha.

Binti alipenya. Akasimama katikati ya ile nusu, akaweka mkoba wake chini, akafungua dirisha. Nje hakuna cha maana, ni ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo, lakini alivyoangalia ungedhani kuna bustani. Akaanza kupanga kwa mkono: kitanda hapa, meza hapa, sare ya wodini itundikwe pale. Mimi nilisimama kwenye uwazi, naona pande zote mbili. Upande wa pili, baba yake alikuwa ametandika gunia na kulala chali gizani.

Binti akaacha kupanga. Akausogelea ubao, akaweka sikio.

"Baba, uko hapo?"

"Niko."

"Nakusikia unavyopumua."

Akanigeukia mimi, akaniuliza nani atakaa upande ule. Nikamwambia mwanafunzi mwingine, yeyote atakayekuja. Akauliza kama naye atakuwa wa mwaka wa kwanza. Nikasema huenda, sijui, watoto wa watu ni wengi. Mkono wake bado ulikuwa juu ya kitasa cha dirisha. Halafu akalifunga lile dirisha, akakaza kitasa vizuri kama mtu anayefunga nyumba ya mwenyewe, akaokota mkoba.

"Mama, nashukuru sana," alisema. "Lakini huyo mwenzangu nitamsikia akijigeuza. Kila siku nitamsikia, na nitajua kwamba dirisha nimepewa mimi. Naomba nisikichukue."

Nilimtazama baba yake nikitegemea amkaripie. Ilikuwa Ijumaa, fomu ilikuwa Jumatatu, na mtoto alikuwa anatupa mwaka wake mbele ya macho yetu. Baba aliinuka, akajifuta vumbi magotini, akakunja gunia lake mara mbili na kulitia kwapani. Aliniambia tu kwamba nimesikia mwenyewe, na kwamba atatuma mtu kuchukua vifaa. Wakatoka, mrefu mbele, mfupi nyuma.

Niliwakasirikia wote wawili, tena sana. Nilizunguka nyumba nikisema peke yangu kwamba maskini jeuri ni balaa, kwamba nimenyoosha mkono ukatemewa mate, na mengine ambayo sitayaandika. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimempigia fundi mwingine, yule wa jirani wa ghorofa. Akaniambia kumi na viwili ni kazi ndogo, siku nne ameshamaliza.

Jumamosi akaja, mwembamba, mchangamfu, chaki sikioni. Hakulala popote. Alichora mistari sakafuni kwa kasi, huku akinihesabia vitanda vitakavyoingia. Nikamuuliza, kwa utani tu, kama mtu ataweza kulala kwenye upande wa giza. Akacheka, akasema wanafunzi hawalali, mama, wanafunzi wanasoma.

Sijui nini kilinipata. Pengine ni kile kicheko. Nilimwambia atoke nje kidogo, nikavua kandambili, nikashikilia ukuta, na mimi na uzito wangu huu nikashuka sakafuni upande wa giza wa chumba cha tatu, ndani ya mistari ya chaki ya kitanda kimoja. Bega moja lilikuwa juu ya mstari, la pili limebanwa na ukuta halisi. Ilikuwa mchana kweupe, lakini kwa zile mbao mbili zilizokuwa bado zimesimama mle sikuona hata mkono wangu vizuri. Nikajaribu kugeuka, nikashindwa. Nikasikia redio ya jirani, maji ya bomba, na pumzi yangu mwenyewe ikinirudia usoni. Nikamfikiria yule mtoto wa mtu ambaye nilisema simjui. Kwa miaka thelathini niliandikisha watu waliokuja hospitalini na vifua vibaya, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa kuuliza mgonjwa analala chumba cha namna gani. Niliujaza mstari huo maelfu ya mara. Nilijisikia vibaya, na hilo sitalipamba maneno.

Kuinuka ndiyo ikawa kesi nyingine. Ilibidi nimwite yule fundi, akanivuta mkono mmoja, akanivuta miwili, mwishowe akanikumbatia kiunoni na kuninyanyua kama gunia la saruji, wote wawili tukihema. Nilimlipa nauli na usumbufu, nikamwambia kazi haipo. Alidhani nimeumia kichwa.

Nilikwenda kupumzika sebuleni. Ile sebule yangu ina makochi ya watu saba, kabati la vioo na zulia ambalo halikanyagwi na viatu. Ina madirisha mawili makubwa, moja kila upande, na upepo unaopita humo huwa nausifu kwa kila mtu. Nilikaa kwenye kochi peke yangu nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho viti vyote saba vilipokaliwa. Ilikuwa siku ya mazishi ya mume wangu. Watoto wangu wako mbali na wanapiga simu. Chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba yangu kilikuwa kinakaliwa na makochi, na mimi niko kule nyuma nawapimia watoto wa watu upana wa mabega. Sikuwahi hata kukihesabu. Kila nilipohesabu vyumba vya kugawa nilianzia kule nyuma.

Jumapili baada ya saa nne nilipanda mabasi hayo mawili, nikatembea robo saa nzima nikiulizia njia. Nikafika. Ni nyumba ya vyumba viwili, na ubavuni karakana ya mabati yenye harufu nzuri ya mbao. Mke wake, mwanamke mkimya anayefanya usafi kwenye shule ya chekechea, alinipa kiti kabla hajajua nimefuata nini. Fundi alikuja anajifuta mikono. Binti alitokea chumbani, macho yamevimba, akaniamkia kwa heshima ile ile ya juzi. Kwenye meza ilikuwepo ile fomu. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko safi, ikabaki sehemu ya chini ya mwenye nyumba.

Nilianza kwa kumuuliza baba, maana swali lilinikaa rohoni safari nzima. Nilimuuliza alijuaje kwamba binti yake atakataa. Akatazama chini.

"Sikujua," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshakubali, mama. Nilikuja kwako kukwambia ndiyo. Nililala pale kwa mazoea tu, nikawa nalala huku najiambia funga macho, funga macho, ni mtoto wako. Kama si yeye, leo ungekuwa na vyumba kumi na viwili."

Mtu mwingine angejitwalia sifa ile, na nani angejua? Mke wake alimtazama, kisha akamtazama binti, na nikaona kwamba hata humo ndani habari hiyo ilikuwa inasemwa kwa mara ya kwanza. Binti alimgusa baba yake begani, akauondoa mkono haraka.

Nikawaambia nilichokifuata. Sebule inagawanyika pande mbili, kila upande una dirisha lake, na mlango wa pili unaweza kutobolewa kwenye ukuta wa korido. Upande mmoja ni wa binti kama anautaka. Fundi aliuliza kodi. Nilimwambia bei ya mwaka juzi. Nilitaka kusema bure, lakini nilimwona anakaza taya, nikajua neno hilo tumeshaliharibu mimi na yeye siku ya Alhamisi. Akaomba alipe mwezi kwa mwezi badala ya muhula mzima. Nikakubali. Akauliza kama atakayekaa upande wa pili atalipa bei hiyo hiyo. Nilikohoa kidogo, halafu nikakubali na hilo, na hapo ndipo paa langu jipya lilipoondoka.

Binti akaisogeza fomu mbele yangu na kunipa kalamu. Niliandika jina langu, mtaa, namba ya simu. Nikafika penye ukubwa wa chumba nikakwama, kwa sababu nimeishi na sebule hiyo miaka ishirini na minane na sijawahi kuipima.

"Tisa kwa kumi na nne," alisema fundi.

Nilimwambia hakuwahi kupitisha tepu mle ndani. Akasema aliipima kwa macho siku ile ya kwanza, wakati wa chai, na tulipomaliza kuzunguka alijua kwamba, ukiacha vile viwili vya pembeni, ndicho chumba pekee kinachofaa kugawanywa. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha tugombane wiki mbili bila kuniambia.

"Nilikuwa nimekaa juu ya kochi lako, nakunywa chai yako," alinijibu. "Ningeanzaje kukwambia nataka kulitoa?"

Ikabaki nafasi ya namba ya chumba, na binti akaniinamia akaniambia niandike tisa, maana vinane vipo tayari. Nikaandika tisa. Nikatia sahihi. Nilipoinua kichwa, mama yake alikuwa ameshatoa shuka jipya sandukuni, amekaa nalo kitandani chumbani, mlango wazi, analikunja, analikunjua, analikunja tena, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini.